SAUTI YA MORAA HAIKUNASWA
Filamu na Kanda za Sauti katika Kufunza Historia ya Watu Weusi, Kisii na Nyamira

Utangulizi

Mwombe mwanafunzi wa shule ya upili mjini Kisii, Keroka au Nyamira akutajie mtu mweusi aliyepigania haki za wenzake. Huenda akamtaja Martin Luther King kabla ya kumkumbuka Otenyo, na hata akimkumbuka Otenyo, huenda akamsahau Moraa. Si kwamba mwanafunzi huyo amedharau kwao. King ana sauti. Hotuba yake ya Agosti 28, 1963 jijini Washington ilinaswa, ikahifadhiwa na kuchezwa redioni na kwenye runinga kwa miongo mingi. Moraa, aliyewachochea watu wa Getutu dhidi ya Waingereza mwaka 1908, hakunaswa na chombo chochote. Sauti yake imetufikia kwa vinywa vya wengine tu, na vinywa hivyo vinazidi kufumba.

Makala haya yanadhamiria kumwonyesha mwalimu wa Kiswahili pamoja na mtahiniwa jinsi filamu za hali halisi (dokumentari, kama wengi wanavyoziita) na kanda za sauti zinavyoweza kutumiwa kufunza historia ya watu weusi. Tutatetea hoja tatu. Kwanza, kanda na filamu hizi zina nafasi katika somo la fasihi, si katika somo la historia peke yake. Pili, zinafaa kuhakikiwa kwa vigezo vile vile tunavyotumia kuhakiki riwaya na tamthilia. Tatu, kanda iliyo muhimu kuliko zote kwa mwanafunzi wa Kisii na Nyamira ni ile ambayo bado haijarekodiwa.

Sauti ya aliyewahi kuwa mtumwa

Tuanze mbali ili tupate kipimo. Maktaba ya bunge la Marekani imehifadhi sauti za watu 23 waliozaliwa utumwani. Mahojiano hayo yalirekodiwa kati ya mwaka 1932 na 1975 katika majimbo tisa ya kusini. Mmoja wao ni mzee Fountain Hughes, aliyerekodiwa mjini Baltimore mwezi Juni 1949. Alisema kwamba alikuwa na umri wa miaka 101, na kwamba babu yake alikuwa mali ya Thomas Jefferson, yule yule aliyekuwa rais wa Marekani na mwandishi mkuu wa azimio la uhuru wa nchi hiyo.

Mwalimu akicheza kanda hii darasani, wanafunzi watatarajia kilio tangu mwanzo. Hawatakipata. Mzee Hughes anaanza kwa kutoa wosia: mtu asinunue kitu kwa deni, asubiri mpaka awe na pesa mkononi. Anazungumza jinsi mzee yeyote wa Nyaribari au Bogirango anavyozungumza na mjukuu. Baadaye anasimulia jinsi watu walivyouzwa kama mifugo, na kwamba yeye angeona heri kujiua kuliko kurudishwa utumwani.

Hapa mwanafunzi anajifunza mambo mawili ambayo kitabu cha kiada hakiwezi kumpa. Kwanza, mtumwa alikuwa mtu mwenye tabia, mzaha na maoni kuhusu pesa. Pili, msimulizi huamua mwenyewe aanzie wapi. Mwenye swali anataka utumwa, mwenye kumbukumbu anataka kwanza kuonya kuhusu deni. Sisi walimu wa fasihi simulizi tunalijua jambo hili: fanani ndiye mwenye hadithi, si hadhira.

Kwa Afrika Mashariki, mwalimu anaweza kuilinganisha kanda hiyo na Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela kilichotolewa mwaka 1934, kinachohusu waliokombolewa na kupewa makao Frere Town, Mombasa. Huko tuna maandishi, huku tuna sauti. Waulize wanafunzi: ni nini kinachosikika katika kanda ambacho maandishi yamekipoteza? Na ni nini ambacho mwandishi amekipanga vizuri ambacho kanda imekiacha kikielea?

Filamu ina msimulizi

Baadhi yetu humwambia mwanafunzi, "Tazama filamu hii ujue ukweli." Kauli hiyo ina hatari. Filamu ya hali halisi imetungwa. Ina msimulizi, ina mtazamo, ina ploti, ina kilichokatwa kikatupwa.

Mfano bora unatoka nyumbani. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitayarisha na kusimulia mfululizo wa vipindi tisa uitwao The Africans: A Triple Heritage, ulioonyeshwa na BBC ya Uingereza na PBS ya Marekani mwaka 1986. Hoja yake ilikuwa kwamba Afrika ya leo imerithi mambo matatu: asili yake yenyewe, Uislamu, na Umagharibi. Kule Marekani mfululizo huo ulizua mjadala mkali. Taasisi ya serikali iliyokuwa imechangia gharama zake ilitaka jina lake liondolewe, kwa madai kwamba kazi hiyo iliushambulia Umagharibi.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1999, msomi Mmarekani mweusi Henry Louis Gates alitoa mfululizo wake, Wonders of the African World, ambamo alifika hata katika pwani ya Waswahili. Mazrui aliukosoa hadharani. Alimlaumu Gates kwa jinsi alivyolishughulikia suala la utumwa, kwamba aliwatwika Waafrika na Waarabu mzigo mkubwa wa lawama huku Wazungu wakiguswa kidogo.

Zingatia, msomaji, kwamba wote wawili ni wasomi weusi, na wote wanaipenda Afrika. Walitazama pwani moja wakaona mambo mawili. Mwalimu akiwaonyesha wanafunzi dakika kumi za kila mmoja, kisha akauliza "Nani anasema? Anamwambia nani? Nani hakupewa nafasi ya kusema?", atakuwa amefunza nafsi ya usimulizi na mtazamo kuliko kwa maelezo ya ubaoni ya juma zima.

Otenyo, Moraa na kichwa kisichoonekana

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1905 Waingereza walituma kikosi dhidi ya Abagusii, na watu wenye mikuki walikabiliwa kwa bombomu. Mwaka 1907 kituo cha utawala kilianzishwa Kisii. Mnamo Januari 1908, kijana wa Getutu aitwaye Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki mtawala wa kituo hicho, G. A. S. Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Northcote aliponea, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Abagusii hawakuponea. Kikosi kingine kilitumwa, watu wakauawa, nyumba zikachomwa, maelfu ya ng'ombe yakatekwa. Mauaji yalikuwa makubwa kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni jijini London, alilalamika kwa maandishi kuhusu kuuawa kwa wingi kwa watu wasioweza kujitetea.

Hayo yamo katika kumbukumbu zilizoandikwa. Masimulizi ya wazee yanaongeza mengine. Yanasema kwamba mtabiri Sakagwa alikuwa ametabiri kuja kwa watu weupe. Yanasema kwamba Moraa alimpa Otenyo dawa ya kumkinga dhidi ya risasi. Wengine wanamwita Moraa shangazi yake, wengine mama mlezi. Yanasema pia kwamba Otenyo alipouawa, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza.

Mhakiki wa fasihi atatambua mara moja kwamba masimulizi haya yana sifa za mighani: shujaa jasiri, nguvu zisizo za kawaida, kifo cha kuhuzunisha. Aidha, ataikumbuka Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza mwaka 1905, mwaka ule ule kikosi cha kwanza kilipoingia Gusii. Huko maji, huku dawa. Huko Mjerumani, huku Mwingereza. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani si lazima awe Kinjeketile wa historia. Tahadhari hiyo inamfaa mwalimu wa Kisii. Otenyo wa masimulizi na Otenyo wa kumbukumbu za utawala ni wawili wanaofanana, nao wote wanastahili kusikilizwa.

Je, suala la kichwa tulifanyeje darasani? Tusilicheke, wala tusilitangaze kama jambo lililothibitishwa. Tuwaonyeshe wanafunzi yaliyotokea kwa majirani. Huko Moshi, Mangi Meli wa Wachaga alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na wazee wakasimulia miaka nenda miaka rudi kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mwezi Septemba 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu kadhaa yaliyohifadhiwa huko na familia zilizo hai Tanzania. Mojawapo ni fuvu linaloaminiwa kuwa la mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwa yaliyotambuliwa. Mwaka 2024 ilitolewa filamu ya hali halisi iitwayo The Empty Grave, ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, inayoonyesha familia za Tanzania, ikiwemo ile ya Nduna Songea Mbano aliyeuawa wakati wa Maji Maji, zikitafuta mabaki ya mababu zao. Sehemu kubwa ya mazungumzo yake ni ya Kiswahili, kwa hivyo mwanafunzi husikia uchungu huo kwa lugha anayotahiniwa.

Funzo ni hili: masimulizi ya wazee si upuuzi, na pia si cheti. Ni dai linalostahili kuchunguzwa. Kwa Moshi, dai lililohifadhiwa kwa mdomo liliwapa watafiti mahali pa kuanzia. Dai la Otenyo nalo litahitaji sauti za watakaolisimulia vizuri, kwa majina na kwa vizazi, siku watafiti watakapouliza.

Sauti iliyorudi Kapkatet

Kwa nini tuharakishe? Zingatia hesabu hii. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1908 alikuwa na miaka 62 mwaka 1960. Mjukuu aliyeketi naye mekoni mwaka huo akiwa na miaka 12 sasa anakaribia 80. Baina yetu na moshi wa nyumba zile zilizochomwa pana kiungo kimoja au viwili tu, na viungo hivyo vimezeeka.

Majirani zetu Wakipsigis wana kisa cha kutia moyo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet akarekodi nyimbo, ukiwemo wimbo maarufu wa Chemirocha. Kanda zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zilirudishwa kwa Wakipsigis, na mmoja wa waimbaji wa wakati ule, Cheriyot arap Kuri, alikuwa bado hai kuipokea sauti ya ujana wake. Hebu fikiria mzee akijisikia mwenyewe akiwa kijana! Ila alisubiri zaidi ya nusu karne kwa sababu kinasasauti kilikuwa cha mgeni. Leo kinasasauti kimo mfukoni mwa kila mwalimu.

Utaratibu darasani

Mwalimu asingoje maabara ya kompyuta. Simu moja na spika ndogo yenye betri vinatosha darasa la wanafunzi 50, hata stima ikipotea. Wakongwe wetu walifunza kwa vipindi vya redio vilivyotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya, ile iliyogeuka kuwa KICD mwaka 2013, huku redio moja ikihudumia darasa zima. Tunapendekeza hatua hizi:

1. Kabla ya kusikiliza, toa msamiati mgumu na swali moja tu. Maswali mengi huwafanya wanafunzi wawinde majibu badala ya kusikiliza.

2. Mara ya kwanza, kalamu zote ziwekwe chini. Wasikilize toni, kusita, kucheka na kimya. Kimya nacho ni data.

3. Mara ya pili, simamisha kila baada ya dakika moja au mbili. Wanafunzi waandike kilichosemwa, na kando yake waandike kilivyosemwa.

4. Mara ya tatu, kila kundi linakili sehemu fupi neno kwa neno. Ikiwa kanda ni ya Ekegusii, watafsiri kwa Kiswahili.

Hatua ya nne ndiyo yenye faida kubwa. Chukua neno la Ekegusii omoragori. Kundi moja litaandika mganga, jingine mtabiri, jingine mlaguzi, na huenda mmoja akaandika mchawi. Lakini mchawi kwa Ekegusii ni omorogi, na hao wawili ni maadui: mmoja hufichua alichokificha mwenzake. Mwanafunzi akiandika kwamba Moraa alikuwa mchawi, atakuwa amembadilisha shujaa kuwa mhalifu kwa neno moja tu. Waache wabishane. Ubishi huo ni somo la tafsiri, la uhakiki na la historia kwa mpigo mmoja.

Baada ya hapo, watume nyumbani wakati wa likizo. Kila mwanafunzi amrekodi mzee au ajuza mmoja kwa dakika zisizozidi ishirini. Si lazima iwe habari ya Otenyo. Inaweza kuwa wimbo wa esimbore, upigaji wa obokano, kumbukumbu za babu aliyetumikia Waingereza vitani, au jinsi Kisii ilivyoporwa Septemba 1914 baada ya Wajerumani kuingia mjini na Waingereza kuondoka. Kila kanda iandikiwe tarehe, mahali, jina na umri wa msimulizi, na alimsikia nani. Nakala moja ibaki maktabani, nyingine ipewe jamaa wa msimulizi.

Tahadhari

Kwanza, idhini. Mzee aulizwe kama amekubali kurekodiwa, na kama kanda inaweza kuchezwa mbele ya watu. Kuna mambo ya jando na ya matambiko yasiyosikilizwa na kila mtu.

Pili, ujirani. Abagusii wanajivunia ushindi wa Saosao dhidi ya Wakipsigis mwishoni mwa karne ya 19. Lakini katika mpaka wa Borabu na Sotik damu ilimwagika tena mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi. Darasa la shule ya Borabu lina watoto wa pande zote mbili. Wimbo wa vita uchezwe kwa kuelezwa, na masimulizi ya upande wa pili yatafutwe pia. Historia ya watu weusi si historia ya mweusi dhidi ya mweupe tu. Ina kurasa tulizoandikiana wenyewe, na mwalimu akizificha, kuna mwingine atakayezisoma kwa sauti kubwa msimu wa kampeni.

Tatu, wanawake. Waliozoea kuulizwa historia ni wazee wa kiume. Lakini aliyewasha moto wa 1908 alikuwa mwanamke, na aghalabu waragori walikuwa wanawake. Wanafunzi wasirudi shuleni na kanda za babu peke yake.

Kwa mtahiniwa

Wewe unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, usidhani haya hayakuhusu. Swali la ukusanyaji wa data hutokea katika fasihi simulizi. Ukiulizwa ubora wa kinasasauti, usikomee kwenye "huhifadhi sauti". Eleza kwamba hunasa toni, kiimbo na kusita ambavyo kalamu haiwezi kuvinasa. Kwamba mtafiti anaweza kurudia kusikiliza ili kurekebisha makosa. Na kwamba data inaweza kukaguliwa na mtu mwingine. Ukiulizwa udhaifu wake, taja kwamba hakinasi ishara za uso na mwili wala mandhari, kwamba msimulizi anaweza kuogopa au kujisingizia, na kwamba chombo kinaweza kuharibika.

Ukiulizwa utoe mfano wa mighani kutoka jamii yako, Otenyo anakufaa. Ila pima kauli zako. "Otenyo alimchoma Northcote mkuki mwaka 1908" ni jambo lililothibitishwa. "Inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza" ni masimulizi. Kitenzi hicho kimoja, "inasimuliwa", kinamtofautisha mhakiki na mpiga porojo.

Hitimisho

Kule Marekani, Carter G. Woodson alianzisha juma la historia ya watu weusi mwaka 1926 kwa sababu shule za nchi yake zilifunza kana kwamba watu hao hawakuwa na historia. Juma hilo likageuka kuwa mwezi. Sisi wa Kisii na Nyamira hatuhitaji kutengewa mwezi, kwa maana historia hiyo tunakaa juu yake: imo Manga, imo Getembe, imo katika majina ya babu zetu. Tunachokosa ni masikio na subira.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Basi, mwalimu mwenzangu, muhula huu ukifungwa, usiwape wanafunzi wako kazi ya kunakili tena dondoo za ubaoni. Wape dakika ishirini na mtu mmoja mwenye mvi. Sauti ya Moraa imetupita, na hatuwezi kuirudisha. Sauti ya mjukuu wa aliyemsikia bado iko jikoni, inaomba tu mtu wa kuiuliza.